Madoa Meupe kwenye Picha ya MRI: Ni MS au Ni Kirusi?

Barua zilizochaguliwa kwa toleo hili zote zinazunguka jambo moja, yaani namna picha za MRI zinavyosaidia, na mahali zinaposhindwa kusaidia, kutenganisha ugonjwa wa multipo sklerosisi, ambao kwa kifupi huitwa MS, na magonjwa ya uti wa mgongo yanayoletwa na virusi. Majina ya walioandika hayachapishwi. Kila tunapotaja uti wa mgongo hapa tunakusudia ule ugwe wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo ukipita ndani ya pingili, si mifupa yenyewe.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 47. Kwa karibu miaka minne sasa miguu yangu inakakamaa, natembea nikiburuta vidole, kiuno kinauma, na mkojo ukinibana siwezi kuuzuia. Mikono haina shida yoyote. Nimepigwa MRI ya kichwa na ya mgongo. Ripoti inasema kuna madoa machache meupe katika sehemu nyeupe ya ubongo, na kwamba uti wa mgongo umesinyaa kidogo sehemu ya kifua. Mwishoni imeandikwa kwamba MS ifikiriwe. Daktari wa kwanza alisema ni MS, kwa kuwa hata maji ya uti wa mgongo yalikuwa na zile alama za kingamwili. Daktari wa pili amekataa kunianzishia dawa mpaka nipimwe damu kuangalia kirusi kinachoitwa HTLV-1. Inakuwaje kipimo kikubwa kama MRI kishindwe kutofautisha, halafu turudi kwenye kipimo cha damu?

JIBU: Marahaba, mama. Daktari wako wa pili yuko sahihi, na sababu zake zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa hiyo univumilie.

MRI haioni virusi. Inachokipima ni mwitikio wa viini vya haidrojeni, ambavyo kwa sehemu kubwa vimo ndani ya maji na mafuta ya mwili, vinapowekwa ndani ya sumaku yenye nguvu, kwa kawaida ya tesla 1.5 au 3, kisha vikachokozwa kwa mawimbi ya redio. Katika picha zinazoitwa T2, mahali penye maji mengi kuliko kawaida huonekana peupe. Ala ya mayelini inayofunika nyuzi za neva ikimomonyoka, pataonekana peupe, pakivimba, peupe, pakibaki kovu la zamani, peupe, na kijishipa cha damu kikiharibiwa na shinikizo la damu la miaka mingi, peupe vilevile. Kwa sababu hiyo maneno "madoa meupe" katika ripoti hayana uzito mkubwa mpaka yafuatwe na maelezo ya mahali yalipo, umbo lake na ukubwa wake, na ripoti yako, kama ulivyoinukuu, haina maelezo hayo.

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia mayelini kuzunguka vena ndogondogo, na madoa yake yana mahali pake maalumu. Hukaa yakigusa vile vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, yakiwa na umbo la yai lililosimama wima kutoka ukutani mwa chumba. Mtaalamu wa patholojia James Dawson aliyaeleza mwaka 1916, na mpaka leo huitwa vidole vya Dawson. Hukaa pia ndani ya gamba la ubongo au chini yake kabisa, kwenye daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo, kwenye shina la ubongo na ubongo mdogo, na kwenye uti wa mgongo. Vigezo vya McDonald, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 2001, viliufanya mtawanyiko huu kuwa sehemu ya utambuzi wa ugonjwa. Toleo la 2017 linatambua mahali panne, nayo marekebisho ya 2024 yameongeza mshipa wa neva wa jicho kuwa pa tano.

Ugonjwa anaouwazia daktari wako, yaani ugonjwa wa uti wa mgongo unaohusiana na HTLV-1, huitwa HAM kwa kifupi. Mwaka 1985 Antoine Gessain na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa Martinique waliokuwa na ukakamavu wa miguu usioeleweka chanzo chake walikuwa na kingamwili dhidi ya HTLV-1, na mwaka uliofuata Mitsuhiro Osame na wenzake wa Kagoshima, Japani, wakaeleza ugonjwa ambao baadaye ulitambuliwa kuwa ni uleule. Kirusi hiki huingia kwenye seli T za kinga na kukaa humo maisha yote ya mtu. Kwa watu wachache, seli hizo hupenya kwenye uti wa mgongo, hasa sehemu ya kifua, na kuleta uvimbe wa muda mrefu unaoharibu njia za pembeni zinazobeba amri za mwendo kwenda miguuni. Ndiyo maana miguu huathirika sana ilhali mikono hubaki na nguvu zake, na ndiyo maana kibofu husumbua mapema.

Jambo linaloshangaza ni uchache wa mambo yanayoonekana kwenye picha ya mgonjwa kama huyo. Mara nyingi uti wa mgongo huonekana wa kawaida kabisa, au umesinyaa sehemu ya kifua pasipo doa lililo wazi. Kichwani kunaweza kuwa na madoa, lakini kwa kawaida huwa madogo, yametawanyika katika sehemu nyeupe ya kina na ile iliyo chini ya gamba, bila mpangilio wa vidole vya Dawson. Na mtu wa makamo mwenye shinikizo la damu au kipandauso, au aliyevuta sigara miaka mingi, anaweza kuwa nayo yaleyale bila kuwa na MS wala HAM.

Hapo ndipo ripoti yako inaponivutia. Miguu imekakamaa kwa miaka minne, kibofu kimeguswa, na bado hakuna hata doa moja lililotajwa kwenye uti wa mgongo, umesinyaa tu. Mgonjwa wa MS ambaye uti wake umeumia kiasi cha kumfanya aburute vidole, kwa kawaida madoa ya kwenye uti huo huonekana. Tofauti hii kati ya ukali wa dalili na ukimya wa picha haithibitishi HAM, lakini kwa maoni yangu ina uzito kuliko yale madoa machache ya kichwani ambayo ripoti imeyatanguliza.

Sasa tuje kwenye mtego wenyewe. Wagonjwa wengi wa MS huanza na vipindi vya kuugua na kupata nafuu, lakini asilimia 10 hadi 15 hivi huanza na aina inayozidi polepole tangu siku ya kwanza, na aina hiyo ndiyo inayofanana mno na HAM. Kwa aina hiyo, vigezo vya 2017 vinataka ugonjwa uwe umeendelea kuzidi kwa mwaka mmoja, pamoja na mawili kati ya haya matatu: doa moja au zaidi kichwani mahali palipo pa kawaida kwa MS, madoa mawili au zaidi kwenye uti wa mgongo, au ile mistari ya kingamwili inayoitwa oligoklonali katika maji ya uti wa mgongo. Mchukue basi mgonjwa wa HAM ambaye amekuwa akizidiwa kwa zaidi ya mwaka, mwenye doa moja lililotokea kukaa kando ya chumba cha maji, na ambaye maji yake yana mistari hiyo, kwa kuwa HAM nayo huileta kwa wagonjwa wengi. Mtu huyo anapita vigezo vya MS pasipo kuwa na MS. Waliovitunga walilijua hilo, wakaweka sharti kwamba vitumike pale tu ambapo hakuna maelezo mengine yaliyo bora zaidi, lakini sharti hilo ni rahisi kusahaulika kliniki inapojaa na ripoti ya picha ikiwa imekwisha kutaja jina la ugonjwa.

Kipimo cha damu ndicho kinacholitimiza sharti hilo. Kwanza hutafutwa kingamwili dhidi ya HTLV. Zikionekana, hufanywa kipimo cha kuthibitisha, kama vile Western blot au PCR, ili kuhakikisha kwamba ni HTLV-1 na si ndugu yake HTLV-2. Majibu yakiwa hayana kirusi, HAM huwa imeondolewa, na mazungumzo ya MS yanaendelea kwa haki. Majibu yakionyesha kirusi, bado kazi haijaisha, kwa sababu walio wengi kati ya walioambukizwa HTLV-1 hawapati HAM maishani mwao. Makadirio yanayotajwa sana ni kati ya asilimia 0.25 na 4 tu. Hapo maji ya uti wa mgongo hupimwa kuona kama nayo yana kingamwili dhidi ya kirusi hicho, na kiasi cha kirusi kilichojificha ndani ya seli hupimwa pia, kwa maana wagonjwa wa HAM kwa kawaida huwa na kiasi kikubwa kuliko wabebaji wasio na dalili.

Kuhusu dawa, usione kama unacheleweshwa. Ugonjwa uliokwenda polepole kwa miaka minne hauna madhara makubwa ukisubiri majibu ya damu, lakini kuanza dawa isiyo yako kunaweza kuleta madhara. Dawa nyingi za MS hubadilisha au kupunguza nguvu za kinga, na hazikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyebeba kirusi kinachoishi ndani ya kinga hiyohiyo. Hata steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na kinga, ambazo hutumika katika magonjwa yote mawili, zina hatari yake hapa: watu wenye HTLV-1 huwa dhaifu sana mbele ya minyoo inayoitwa Strongyloides, na minyoo hiyo inaweza kuenea mwili mzima na hata kuua mtu anapopewa steroidi bila kuitibu kwanza. Kwa hiyo, majibu yako yakionyesha HTLV-1, uliza pia kuhusu kipimo cha minyoo hiyo kabla ya kumeza kidonge cha kwanza cha steroidi.

SWALI: Ndugu Daktari, salaam. Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya, na wagonjwa wetu tunawapeleka MRI kwenye hospitali ya rufaa. Mara nyingi wanarudi na picha ya kiuno inayosema kuna diski iliyochomoza kidogo, na hapo uchunguzi unaishia, ilhali mgonjwa miguu imekakamaa. Niombe picha gani, na nikiipata niangalie nini ili nijue kama ni MS au ni ugonjwa wa kirusi?

JIBU: Ndugu yangu tabibu, swali lako linagusa kosa ambalo ni la kawaida mno. Uti wa mgongo kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna mizizi ya neva tu. Mgonjwa ambaye miguu imekakamaa, ambaye goti linaruka ukiligonga kwa nyundo na kidole gumba cha mguu kinanyanyuka juu ukimkwaruza wayo, tatizo lake liko juu zaidi, kifuani, shingoni au kichwani. Picha ya kiuno itamwonyesha diski, kwa sababu watu wengi waliopita umri fulani wana diski zilizochomoza, na diski hiyo itabebeshwa lawama isiyo yake.

Omba picha ya uti wa mgongo wote, shingo na kifua, pamoja na kichwa. Katika fomu usiandike "maumivu ya mgongo" peke yake. Andika, kwa mfano: "Miguu miwili imekakamaa na kudhoofika kwa miezi 18, mkojo hauzuiliki, mikono ina nguvu, naomba kuondoa mgandamizo, kisha kutafuta madoa ya uti wa mgongo na usinyaaji wa sehemu ya kifua." Sentensi kama hiyo humfanya daktari wa radiolojia apange picha kwa kufuata swali lako: picha za T2 na za STIR zilizokatwa kwa wima, kisha picha zinazoukata uti kwa upana wake mahali panapotiliwa shaka. Sehemu ya kifua ndiyo ngumu kuipiga vizuri, kwa kuwa moyo, pumzi na mtiririko wa maji yanayouzunguka uti huleta kivuli juu ya kitu chembamba chenye upana wa takriban sentimita moja. Doa linaloonekana kwenye mkato mmoja tu lisiaminiwe mpaka lionekane na kwenye mkato wa pili.

Ukizipata picha, kazi ya kwanza ni mgandamizo: uvimbe, kifua kikuu cha pingili, diski inayousukuma uti wenyewe, au jipu. Kama upo, mambo ya MS na virusi yanawekwa kando, kwa sababu huyo ni mgonjwa wa haraka.

Kama hakuna mgandamizo, chukua mkato wa upana na uutazame kwa utulivu. Utaona umbo la yai dogo, na ndani yake sehemu ya kijivu iliyochorwa kama herufi H. Doa la MS kwa kawaida hukaa pembeni mwa yai hilo, upande wa nyuma au wa ubavuni, likichukua chini ya nusu ya eneo lake, na mara nyingi liko upande mmoja kuliko mwingine. Ukigeukia mkato wa wima, doa hilo ni fupi. Halivuki urefu wa pingili mbili, na hupenda sehemu ya shingo. Yakiwa mawili au matatu, huwa yameachana, kila moja na umri wake.

HAM haina tabia hiyo. Pale inapoacha alama ya weupe, ambayo ni kwa wagonjwa wachache na hasa katika miaka ya mwanzo au pale ugonjwa unapokwenda kasi, weupe huo huwa mrefu, ukipita pingili nyingi, na huwa na ulinganifu wa kulia na kushoto. Uti unaweza hata kuvimba, na kung'aa kwenye picha mgonjwa akidungwa dawa ya rangi. Baadaye uvimbe huisha na kubaki uti mwembamba. Linganisha upana wa sehemu ya kifua na ule wa shingo: kwa kawaida kifua ni chembamba kidogo, lakini ukiona umekuwa kama utepe uliobanwa mbele na nyuma, andika usinyaaji, hata kama ripoti haikuutaja.

Nitakupitisha haraka kwenye mengine ili usibaki na mawili tu kichwani. Doa refu la pingili tatu au zaidi, hasa lililo katikati ya uti, linakutaka utafute kingamwili dhidi ya protini iitwayo akwaporini-4, zilizogunduliwa mwaka 2004, na dhidi ya protini ya mayelini iitwayo MOG. Hayo ni magonjwa ya kinga yenye matibabu yake. Weupe uliokaa kwenye pembe za mbele za ile H, pamoja na miguu iliyolegea badala ya kukakamaa, unaelekeza kwenye virusi vya jamii ya polio. Mkanda wa jeshi uliotangulia siku au wiki chache kabla unaelekeza kwenye kirusi cha tetekuwanga, na doa huwa upande uleule wa upele. VVU vyenyewe vinaweza kuharibu njia za nyuma na za pembeni katika sehemu ya kifua kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana, na picha yake inafanana na ya upungufu wa vitamini B12, ambao hutibika. Kwa hiyo B12 na kaswende zipimwe kwa kila mmoja wa wagonjwa hawa pamoja na VVU na HTLV-1. Orodha hiyo ya damu hainiumizi kichwa. Kinachoniumiza ni kuona mgonjwa aliyepigwa MRI mara tatu ilhali hajawahi kutolewa damu hata mara moja kwa ajili ya vipimo hivyo.

SWALI: Daktari, nina miaka 26. Nilikwenda kujitolea damu, wakaniita na kuniambia nina HTLV-1. Sina dalili yoyote. Je, nifanye MRI ya mgongo mapema ili kama nina HAM ijulikane?

JIBU: Hapana, kijana wangu. MRI haitabiri nani atapata HAM, na picha nzuri leo haikupi hakikisho la kesho. Unachohitaji ni kuhakikisha kwamba kipimo cha kuthibitisha kimefanywa, kisha kumwona daktari mara kwa mara akupime nguvu za miguu na mwitikio wa neva, na kueleza mapema ukianza kujikwaa, kukakamaa au kubanwa na mkojo ghafla. Usitoe damu tena, tumia kondomu, na mwenzi wako apimwe. Kirusi hiki hupita pia kwa njia ya maziwa ya mama, hasa mtoto anaponyonyeshwa kwa muda mrefu, kwa hiyo mama yako na ndugu zako wa tumbo moja nao wana sababu ya kupimwa.

SWALI: Nimesoma kwamba hata MS yenyewe inasababishwa na kirusi. Kama ni hivyo, mbona mnasema MS na ugonjwa wa kirusi ni vitu viwili? Na kwa nini msimpime mgonjwa kirusi hicho mkamaliza ubishi?

JIBU: Msomaji wetu ameuliza jambo zuri, na alichokisoma kina msingi. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi uliofuatilia zaidi ya askari milioni 10 wa Marekani, ambapo 955 walipata MS wakiwa kazini. Waliokuwa hawajawahi kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr, kisha wakaambukizwa, hatari yao ya MS iliongezeka mara 32, na ongezeko la namna hiyo halikuonekana kwa virusi vingine vilivyolinganishwa nacho. Watafiti wengi sasa wanakubali kwamba kirusi hicho ni sehemu ya chanzo cha MS.

Lakini kuwa sehemu ya chanzo si sawa na kuwa alama ya kutambulisha ugonjwa. Kirusi cha Epstein-Barr kimo ndani ya takriban asilimia 95 ya watu wazima duniani, na karibu wote hawatapata MS. Ukimpima mgonjwa mwenye miguu iliyokakamaa na kukikuta, hujajifunza kitu, kwa sababu ungekikuta pia kwa muuguzi anayemtoa damu. Kutokikuta ndiko kungekushtua, kwa maana MS bila kirusi hicho ni nadra mno. HTLV-1 ni kinyume chake: watu walioambukizwa wanakadiriwa kuwa angalau milioni 5 hadi 10 duniani, wengi wao wakiwa kusini-magharibi mwa Japani, Karibiani, Amerika Kusini, Afrika kusini mwa Sahara, Iran kaskazini-mashariki na Australia ya kati. Kwa kuwa ni wachache ukilinganisha na watu wote, kukikuta kwa mgonjwa mwenye dalili hizo kuna maana, na kutokikuta kuna maana kubwa zaidi.

Tofauti ya pili iko ndani ya uti wa mgongo wenyewe. Katika HAM, seli zilizobeba kirusi zimo palepale penye uharibifu, na kinga inazishambulia hapohapo. Katika MS, kinachotawala ni kinga iliyopotoka ikishambulia mayelini katika ubongo na uti wote, miaka mingi baada ya maambukizi ya kwanza. Ndiyo sababu HAM hubomoa sehemu moja polepole na kwa ulinganifu, na MS huacha madoa yaliyotapakaa huku na huko kwa nyakati tofauti, na kutapakaa huko ndiko MRI inakokuona vizuri kuliko kipimo kingine chochote tulicho nacho.

SWALI: Daktari, mume wangu ametibiwa MS kwa miaka miwili bila nafuu, na sasa wanataka arudie MRI kwa kudungwa dawa ya rangi. Anaogopa dawa hiyo. Je, ni lazima? Na kurudia picha kutasaidia nini?

JIBU: Dada yangu, dawa ya rangi inayotumika ina madini ya gadolinia, na kazi yake ni kuonyesha mahali ambapo kizuizi kati ya damu na ubongo kimevuja. Doa jipya la MS hung'aa kwa wiki chache, mara nyingi chini ya miezi miwili, kisha hufifia. Ndiyo maana picha moja yenye madoa yanayong'aa na mengine yasiyong'aa huonyesha kwamba ugonjwa umepiga kwa nyakati tofauti, na hilo ni jambo ambalo HAM haina kawaida ya kulifanya. Kwa watu wengi dawa hiyo haina shida. Wanaohitaji uangalifu ni wenye figo zilizodhoofika sana na wajawazito, kwa hiyo figo za mume wako zipimwe kabla. Kama madaktari wanataka tu kujua kama kuna madoa mapya, hilo mara nyingi linajulikana hata bila sindano, kwa kulinganisha picha za T2 za sasa na za zamani, na si vibaya ukiwauliza ni swali gani hasa wanalotaka sindano ilijibu.

Miaka miwili bila nafuu ni sababu ya kutosha ya kuurudia utambuzi wenyewe, na si kubadilisha dawa peke yake. Uliza mambo haya: je, dalili zake zimewahi kuja na kuondoka, au zimekuwa zikizidi tu, je, amewahi kupata ukungu wa jicho moja wenye maumivu, ambao ni wa kawaida katika MS na si wa kawaida katika HAM, na je, amewahi kupimwa HTLV-1. Kama mashine ni ya tesla 3, daktari wa radiolojia anaweza pia kuongeza picha zinazoonyesha vena ndogo, kwa sababu madoa mengi ya MS huwa na vena inayopita katikati yake, na yale ya shinikizo la damu na umri kwa kawaida hayana.

Na mtakapokwenda, bebeni CD za picha za miaka miwili iliyopita pamoja na ripoti zake, na muombe picha mpya zipigwe kwa mpangilio uleule na, ikiwezekana, kwenye mashine ileile. Ripoti husema "madoa machache" na ikaishia hapo, lakini daktari anayeziweka picha mbili bega kwa bega anaweza kuona kama madoa yameongezeka, kama yamebaki yalivyo, au kama kilichobadilika ni unene wa uti wa mgongo peke yake. Yakiwa hayajaongezeka hata moja huku miguu ikizidi kukakamaa, na uti ukiwa umekonda, basi kipimo cha HTLV-1 kisisubiri tena, kifanywe wiki hiyohiyo.